Nafasi Nne za Jina

Kosa lenyewe lilikuwa dogo, lingeweza kukaa kwenye ncha ya bisibisi. Siku ya Alhamisi, jua la adhuhuri likiwa utosini, Himyar alichomoa waya wa kabati la gemu ukutani, akahesabu mpaka kumi, akauchomeka tena. Kioo kikatetemeka, kikatulia, kikaonyesha orodha ya washindi. Na pale chini likaonekana jina lile lile aliloliacha: WAEL.

Halikutakiwa kuwapo. Gemu za zamani zile hazina kumbukumbu. Ukizima umeme, ubingwa wako umekwisha, na kesho unaanza upya kama mtu aliyefukuzwa kazi. Betri ndogo iliyokuwa kwenye bodi Himyar aliing'oa kwa mkono wake siku ya kwanza, kwa sababu ilikuwa imevuja na kula shaba yote ya jirani.

"Haya," alijiambia, akikuna kipara. "Ama nimekuwa fundi hodari kuliko ninavyojijua, ama kuna jambo."

Alijijua vizuri. Kwa hiyo kulikuwa na jambo.

Himyar alikuwa na miaka hamsini na saba, na ishirini na mbili kati ya hiyo alikuwa fundi umeme kwenye matumbo ya meli za watu. Karachi aliibiwa viatu akiwa amesujudu. Durban alimpenda mwanamke ambaye alimpenda rafiki yake. Rotterdam aliteleza kwenye barafu mbele ya basi zima la wanafunzi, nao wakampigia makofi. Alirudi nyumbani kwake Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili, akiwa na sanduku la zana, goti bovu, na hadithi ambazo mkewe Buthaina alizijua kiasi cha kumsahihisha akizikosea.

Lile kabati alilipata kwenye mnada wa vitu vya klabu ya shamba moja la mkonge, upande wa Muheza. Lilikuwa refu kama kabati la nguo, kioo kifuani, chini yake kirungu cha kuongozea na vitufe viwili. Mbao zilikuwa zimevimba. Panya walikuwa wameoa na kuozeshana humo ndani.

"Chukua tu, mzee," alisema Kristofa, mlinzi wa klabu. "Ila linanuka. Tumelianika, tumelipaka spiriti, bado linanuka."

Lilinuka maji ya mkonge, ile harufu ya majani yaliyosagwa yakaoza mtaroni. Himyar akaona hiyo ni harufu ya kawaida kwa kitu cha shambani. Akalipakia kwenye toyo, pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, akalisimamisha kwenye banda la uani, akasahau dunia. Miezi mitatu alikwangua, akalehemu, akabadilisha kapasita moja moja. Buthaina aliwaambia wageni kuwa mumewe ameoa mke wa pili na anamlisha waya.

Katika miezi hiyo binti yao pekee, Khuloud, alikuja kutoka kwa mumewe Pangani ili azalie kwa wazazi wake na kukaa arobaini yake hapo, kama ilivyo desturi. Mimba mbili zilikuwa zimemharibikia kabla ya hii. Hii ya tatu ilishika, na mtoto akaja, wa kiume, na sauti ya muuza samaki. Himyar aliposikia kilio kile ukumbini alikaa sakafuni kwa sababu goti lilikataa. Huyo ndiye mjukuu wake. Hakuwa na mwingine, na daktari alikwisha kusema kwa upole kwamba asitazamiwe mwingine.

Mkwewe, Mudathir, alimpa heshima ya kutoa jina.

Kwao jina la mtoto huwekwa mdomoni mpaka siku ya saba. Siku hiyo, kwenye akika, mwenye kulitoa humwinamia mtoto akalitia sikioni mwake kabla sikio jingine lolote halijalisikia. Himyar alilichagua siku ya kwanza na akalibana kwa meno. Mkewe alimbembeleza, akamnyima hata kahawa, asiseme.

Siku ya tano kabati likawaka.

Hakukuwa na mtu wa kumwonyesha. Wanawake walikuwa chumbani na mzazi. Akacheza peke yake, mtu mzima mwenye mvi kifuani, akimkimbiza kijitu cheupe katikati ya safu za mimea. Kijitu kilipokufa mara ya mwisho kioo kikamwambia ameingia katika orodha, kikampa nafasi nne tupu na kistari kikipepesa: andika jina.

Alianza kuandika la kwake, likamzidi nafasi. Akacheka. Halafu furaha ikamzidi akili, furaha ya siri aliyoibeba siku tano, akajiambia kwamba kuandika si kutamka. Akasukuma kirungu, herufi moja baada ya nyingine. W. A. E. L.

Kabati likapiga muziki mfupi wa ushindi. Chumbani mtoto, aliyekuwa ananyonya, akaachia ziwa akanyamaza.

Siku ya saba jina likatiwa sikioni mbele ya watu. Mtoto hakupepesa jicho. Uani kukasikika ko, kama kitufe kilichobonyezwa. Mmoja wa wageni akasema panya hao wana adabu, wameitikia. Watu wakacheka, Himyar kuliko wote, na biriani ikaliwa.

Na sasa Alhamisi, siku ya tisa, jina lilikuwa kwenye kioo likikataa kufutika, na pembeni yake pointi zilikuwa zimeongezeka.

Himyar akachomoa waya, mara hii hakuurudisha. Akaingia ndani kunawa mikono. Khuloud alikuwa kitandani na mtoto mapajani, anamchezesha.

"Wael," alimwita. "Wael wangu, fungua macho tumwone babu."

Ko, kukasikika uani.

Mtoto alilegea. Hakulala, alilegea kama kitambaa kilichotolewa kwenye kamba, midomo ikapauka, na miguu, Himyar alipoishika, ilikuwa ya baridi kama chupa iliyotoka kwenye barafu.

"Baba," Khuloud alinong'ona. "Kila nikimwita anafanya hivi. Nilidhani ni macho yangu."

"Usimwite tena."

"Wa—"

"Khuloud! Mwite mtoto. Mwanangu. Mwite boga ukitaka. Lile usiliseme."

Walimwita jirani yao Benedikta, muuguzi mstaafu. Alimpima mtoto, akapiga makofi karibu na kichwa chake, mtoto akashtuka vizuri.

"Masikio mazima," alisema. "Mtoto wa siku tisa, mzee Himyar, unataka akuitikie salamu? Umekaa sana Ulaya." Lakini Khuloud alipomwomba alitamke jina mwenyewe, naye akalitamka, na uani kukaita ko, na mtoto akapoa mikononi mwake, Benedikta alimlaza taratibu, akafanya ishara ya msalaba, akaondoka bila kandambili zake.

Harufu ya mkonge uliooza sasa ilikuwa imetoka bandani, imevuka ua, imefika ukumbini, na Buthaina alifukiza udi na ubani asubuhi na alasiri na harufu ile ikaupanda moshi kama mtu anayepanda ngazi, na Himyar alipokwenda bandani kutazama, waya ukiwa umelala sakafuni kama nyoka aliyekufa, bila umeme wowote, kioo kilikuwa kinawaka, na kijitu cheupe kilikuwa kinatembea chenyewe kati ya mimea, bila haraka, na kila baada ya safu kilikuwa kinasimama na kugeuka kumtazama.

Siku ya kumi na moja Mudathir alimleta Bi Mwatumu, mganga kutoka Moa, kwa bodaboda, amejifunga leso mbili na kubeba kikapu. Mwanamke mfupi, mwenye kikohozi.

"Shikamoo, bibi," alisema Himyar.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeandika?"

Hakuna aliyemwambia. Himyar akaeleza yote, na kwa mara ya kwanza maishani hakutia kichekesho.

"Ulilitoa kabla halijaingia sikioni mwa mtoto," alisema Bi Mwatumu.

"Niliandika tu, bibi. Sikutamka."

"Na yule aliyemo humo alisoma tu. Hakusikia." Akaketi kwenye kigoda mbele ya kabati, akaweka chetezo, akasema na kioo kwa sauti ya mtu anayezungumza na mpangaji mkorofi. "Haya bwana mkubwa. Umepewa kitu kwa makosa. Kirudishe."

Kirungu kikasogea, chenyewe, kikikwaruza kwenye tundu lake. Herufi zikapita moja moja katika zile nafasi nne. Buthaina akashika mkono wa mumewe, akauminya mpaka mifupa ikalia.

HAKI.

"Haki yako ipi?" aliuliza Bi Mwatumu.

ZAWA. Kikasimama, kikafuta, kikaanza tena. DI. Kikatulia.

"Zawadi," alisoma Bi Mwatumu, akakohoa. "Anajua kuongea, huyu. Mbadilisheni mtoto jina. Watoto wengi hubadilishwa majina yakiwaelemea. Tuone."

Ndipo Himyar alipopata wazo, na kwa dakika chache akawa yule fundi wa zamani, aliyewahi kuwasha jenereta katikati ya Bahari ya Sham kwa kijiko cha chai. Aliwavuta wote nje ya ua, mpaka barabarani, akanong'ona: "Ana nafasi nne tu. Bodi ile ndiyo ilivyo, nimeisoma yote, haiwezi kuandika zaidi ya nne. Tumpe mtoto jina la herufi tano. Halitaingia." Khuloud alicheka huku analia. Bibi mwenyewe alimtazama Himyar kwa heshima. Wakakubaliana kwa kuandikiana kwenye kiganja, bila sauti, na Khuloud akaingia chumbani, akafunika kichwa chake na cha mtoto kwa kanga, akalitia sikioni kwa pumzi tu: Ayman.

Mtoto alivuta pumzi. Rangi ikamrudi mashavuni. Akamtazama mama yake usoni, moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, na Khuloud akaita, "Baba! Ananiona!"

Himyar alikwenda bandani mbio kwa goti lake bovu, moyo umejaa, akitaka kulicheka lile kabati usoni, na alipofika mlangoni akasimama, kwa sababu kistari kilikuwa kinapepesa chini ya A, na chini ya Y, na chini ya M, na chini ya A, na kando yake, mahali ambapo hapakuwa na kitu, mahali ambapo bodi ile aliyoilehemu kwa mkono wake haikuwa na waya wala mahali pa kuupitisha, ilikuwa imefunguka nafasi ya tano, nyeusi kuliko kioo, na N ikaingia humo taratibu kama mtu anayeketi.

Muziki wa ushindi ukapigwa. Chumbani sauti ya Khuloud ikakatika.

"Sasa nisikilizeni," alisema Bi Mwatumu alasiri hiyo, anakunja leso zake. "Naweza kumtoa. Kesho, mkilivunja na kulichoma huku nikisoma, atakwenda na hatarudi kwenye nyumba hii. Lakini ataondoka na alichopewa. Siwezi kumnyang'anya."

"Na mtoto?" aliuliza Khuloud.

"Mtoto ataishi."

"Bila jina?"

Bi Mwatumu akaitikia kwa kichwa. Wote wakamtazama Himyar. Alikuwa na maneno kwa kila bandari duniani. Akainama, akamfunika mjukuu wake miguu kwa kanga.

"Livunje, Baba," alisema Khuloud.

Alilivunja kwa shoka, asubuhi, jua likiwaka. Mbao zililia. Moshi ulikuwa mzito, wa kijani, ukainuka wima na kupotea juu ya mabati, na harufu ikakatika kama mtu aliyefunga mlango nyuma yake. Jivu wakalifukia mbali. Bi Mwatumu akarudi Moa, na alikuwa mkweli: hakuna ko iliyosikika tena.

Mtoto alinenepa. Alitambaa kwa wakati wake, akaota meno kwa wakati wake, akapenda uji wa mtama na kuvuta ndevu za babu yake. Alishtuka kwa radi. Alicheza ngoma ya mvua kwenye bati. Lakini hakuna aliyeweza kumwita. Walijaribu majina mafupi, marefu, ya manabii, ya utani. Yalimpita kama upepo unavyompita mtu aliyelala. Hata "mwanangu" haikumfika. Khuloud alikuwa akitaka kumgeuza, anapiga makofi. Mudathir alimwita siku moja kutwa nzima, mpaka koo likakauka, kisha akapanda gari kurudi Pangani peke yake, na safari zake za kuja zikawa chache. Himyar hakufungua tena sanduku la zana. Watu wa barazani walimkumbusha hadithi ya barafu ya Rotterdam, akawaambia ameisahau.

Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne, hajatamka neno hata moja. Ilikuwa saa kumi alasiri, uani. Buthaina alikuwa anakuna nazi, Khuloud anaanua nguo, Himyar ameegemea ukuta na mjukuu mapajani, anamlisha kipande cha mkate wa kumimina.

Mtoto akaacha kutafuna.

Akageuza kichwa, haraka, kwa furaha, kama anavyogeuka kila mtoto aliyeitwa kwa jina lake, kuelekea mlango wa ua ambako hakukuwa na mtu. Akatelemka mapajani mwa babu yake. Akasimama wima, mikono ubavuni, kama mtoto aliyelelewa vizuri anavyosimama mbele ya mkubwa wake.

"Naam," aliitikia.

Akaanza kwenda.