Kabati la Bi Mohira

Rafiki yangu Shuhrat, seremala wa hapa Khujand, hajawahi kuingia nyumba ya mtu asiidharau. Bi Mohira, mjane wa mtaa wa pili, alipomwita amtengenezee kabati linalolia, hata chai aliyokaribishwa hakuigusa.

"Mama, hili si kabati, ni banda la kuku," alimwambia. "Bawaba zimekauka, skrubu zimelegea, mlango umelala upande. Hata mtoto angeona!"

"Mwanangu, mafuta nimetia mwenyewe. Bado linalia."

"Mafuta gani? Ya pilau? Hayo yanakamata vumbi tu!"

Umeme ulikuwa umekatika, na mapazia mazito yalitia chumba giza mchana kweupe. Shuhrat akasugua kutu, akapaka grisi, akakaza skrubu. Akafungua mlango: kimya. Akaufunga: kimya.

"Umeona, mama? Kazi ya kitoto." Akageuka kukusanya vifaa vyake.

Nyuma yake kabati likalia, kwiiii, taratibu.

Shuhrat akapandwa na hasira. Akaung'oa mlango mzima, akaulaza sakafuni, akabaki na bawaba mbili mkononi.

"Haya, lia sasa, takataka wee!"

Bi Mohira alikuwa ameshatoka chumbani.

Shuhrat si mtu wa kukiri woga, lakini aliniambia kwamba mlio ulirudi, uleule, mrefu, safari hii karibu naye kabisa. Akainamisha macho. Kiganjani mwake bawaba moja ilikuwa inajikunja yenyewe, polepole, mpaka ikambana ngozi.