Nani Kambusu Mtoto?

Tyubu ya maji ilikuwa na virusi. Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda kombo, maana maji matupu huwekwa kwenye mashine makusudi yasionyeshe kitu. Yakionyesha, ujue kuna mtu kachafua kazi.

"Umeshika nini wewe?" alifoka bosi, ambaye wote walimwita Miwani.

"Sijashika kitu, jamani!" alisema mpimaji aliyeyamimina maji hayo.

Maabara yao ilipima virusi vya vidonda vya mdomoni. Ndani ya DNA ya virusi hivyo kuna vipande vinavyojirudia, na idadi hutofautiana: vya huyu vimejirudia mara tano, vya yule mara nane. Kwa idadi hiyo walikisia nani kamwambukiza nani. Wafanyakazi nao walishapimwa, ili mchafuzi ajulikane. Mpimaji alikuwa na tano, Miwani nane. Maji yalikuwa na kumi na tatu, na hawakuwahi kuiona idadi hiyo kwa mtu yeyote.

Miwani akamimina maji mwenyewe, hakuna kitu. Akamimina mpimaji, kumi na tatu, na harufu ya nywele zilizoungua ikapita mezani. Tangu siku hiyo wenzake walimkalia mbali, naye akawa anamshuku kila mtu.

Wiki hiyohiyo bintiye wa miaka minne akatokwa na kidonda mdomoni. Homa haishuki, chakula hataki, mtoto anaisha hivihivi. Mpimaji akafanya kosa la watu wa kazi yake: badala ya kukimbilia hospitali, alipitisha kijiti cha pamba kwenye kidonda, akamvizia mumewe usingizini, akamdanganya wifi yake aliyekuwa akimlea mtoto kwamba ni utafiti, kisha akavificha vijiti mkobani na kwenda kuvipima maabara kwa siri.

Mume alikuwa na tano kama yeye. Wifi hakuwa na virusi kabisa. Mtoto, kumi na tatu.

Moyo ulimlipuka. Nani kambusu mwanangu? Kumbe wifi anaingiza watu nyumbani! Leo atanikoma! Saa sita mchana alivua koti jeupe bila kumuaga mtu, akakimbia, na alipofika mlangoni ile harufu ya nywele ikamlaki, nzito, akagonga.

Wifi alifungua kidogo, akaganda.

"Nani yumo humo, wifi?"

Wifi akatazama ndani, akamtazama tena yeye. "Si umeshaingia?" alinong'ona. "Kila siku saa sita unakuja kumlisha mtoto. Uko naye chumbani sasa hivi."

"Mimi? Mchana niko kazini mimi! Sijawahi kuja hata siku moja!"

Kutoka chumbani ikasikika sauti yake mwenyewe, ya upole. "Usimfungulie, wifi. Nilikwambia atakuja."

Komeo likapigwa. "Toka, shetani! Tumekushtukia!" wifi alipiga kelele, akaanza kusoma dua za kufukuza majini, na mpimaji akaubamiza mlango kwa ngumi zote mbili, akilia, akimwita mwanawe kwa jina, na kadiri alivyolia ndivyo wifi alivyozidi kupaza sauti, mpaka mtoto naye akaangua kilio huko ndani kwa hofu.

"Mama," alisema, "mwambie huyo wa nje aondoke."