Raba Mpya Aliyonipa Mama

Nina umri wa miaka ishirini na tisa na ninauza mitumba hapa sokoni Machakos. Wateja husema nina kichwa cha hesabu, mbona sikusoma? Huwa nacheka tu... Leo acha niwaeleze ninyi wasomaji wenzangu, maana moyo umechoka.

Nikiwa msichana mdogo kwetu Katelembo, sikuweza kuacha kufuta. Herufi ikiinama kidogo tu, kifua kinanibana, nafuta. Naandika, nafuta tena, mpaka karatasi inatoboka! Ukurasa ukitoboka nauchana, naanza upya. Wenzangu wakimaliza zoezi, mimi bado niko kwenye tarehe. Walimu walinichapa wakisema ni uvivu. Uvivu gani huo wa kumtoa mtu jasho?

Mama naye alijivunia. Madaftari yangu yalikuwa membamba lakini safi, na wageni wa kanisani walipokuja aliwaonyesha.

Nilipofika darasa la saba akaja Mwalimu Ndunge. Mwalimu huyo hakunichapa. Alinikalisha karibu na meza yake, akachukua raba yangu akaitia mkobani.

"Ukikosea piga laini moja tu, halafu uendelee," aliniambia. "Hata ikikaa vibaya, mimi nitasoma."

Nililia, jamani! Lakini alikaa nami jioni baada ya masomo, polepole, hadi siku moja nikamaliza zoezi pamoja na wenzangu. Lilijaa mikato kama shamba lililolimwa na ng'ombe wakaidi, na nilifurahi ajabu. Nikaanza kuota shule ya bweni.

Mtihani wa darasa la nane ulipokaribia, Mwalimu alikuja nyumbani akamsihi mama asinipe raba kabisa. Mama aliitikia, akampikia chai.

Asubuhi ya mtihani, mama akanipa kadi ya kunitakia heri, penseli mbili... na raba mpya, nyeupe! Nikamkumbusha maneno ya Mwalimu. Akasema Mwalimu alikuwa ananifundisha uchafu.

"Mwana wakwa, mwanangu, usiniaibishe," akaniambia.

Ningemkatalia mama yangu vipi?

Katika mtihani, kistari changu cha kwanza cha kuchagua jibu kilitoka nje ya kisanduku, kidogo tu. Nikafuta. Nikachora, nikafuta... Karatasi ya majibu ikachanika, na muda ukaisha sijafika nusu. Mitihani iliyofuata ilikuwa vivyo hivyo.

Matokeo yalipotoka, Mwalimu Ndunge alikuja kwetu. Alishaambiwa na wasimamizi kwamba nilifuta hadi karatasi ikachanika, naye akauliza jambo moja tu: raba ilitoka wapi? Nikamtazama mama.

"Alijinunulia mwenyewe," mama akasema.

Sikufungua mdomo. Mwalimu akainuka, akaenda zake bila kuaga. Baba akakataa nirudie darasa, na masomo yangu yakaishia hapo. Lakini kule kuondoka kwa Mwalimu akiamini nilimsaliti ndiko kulikonivunja, wasomaji, kuliko hata kufeli!

Nikiwa mtu mzima, daktari aliniambia huu ni ugonjwa wa akili, una tiba, na kwamba Mwalimu alinisaidia vizuri. Mama bado yuko. Tunasalimiana vyema, lakini jambo hilo hatujawahi kulitaja.

Wazazi wenzangu, nawasihi! Mtoto anayefuta bila kukoma si mvivu, wala msisifu usafi wake. Anateseka. Akipata mtu wa kukaa naye, msimharibie kazi. Na mkikosea, tafadhali msimsingizie mtoto.

Nawe Mwalimu Ndunge, kama uko hai na unasoma haya... sikuinunua mimi.