Kibandiko cha Meza ya Tisa

Kila asubuhi Dorine Mwenya hufagia uwanja wa nyumba yao katika mtaa wa Katuba, huwapa wadogo zake chai, kisha huvaa sare yake ya bluu na nyeupe na kushika njia ya shule. Ana miaka kumi na mitatu, yuko mwaka wa nane, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wa walimu wake wawili. Yeye mwenyewe anajua hivyo, na usidhani hukaa kimya.

Mwandiko huo ndio uliompatia kazi. Kila siku ilipofika saa nne, mtandao wa shule ulizubaa mpaka kompyuta zote zikakwama na masomo yasifunguke. Basi shule ikamwita Mama Syntiche, injinia aliyesoma hapohapo zamani. Alikuja na chombo chembamba cha chuma kinachoitwa sonde, ambacho kazi yake ni kusikiliza kebo zote na kuonyesha ni ipi inayobeba mzigo mkubwa. Dorine alishika taa huku Mama Syntiche akikiingiza ndani ya kabati la chuma lenye kebo na kukaza skrubu zake nne.

“Sonde iko na masikio tu,” alisema Mama Syntiche. “Majina ya kebo, ni sisi njo tunaipatia. Wewe utaandika étiquette, vibandiko vya majina. Kebo iko kumi na mbili. Fuata kila moja mpaka mwisho, usikilize mlio.”

Akampa kipimio chenye vipande viwili. Kimoja huchomekwa kwenye kebo kabatini, na cha pili hulia kikifikishwa kwenye mwisho wa kebo hiyohiyo.

Kebo kumi zilikwenda vizuri. Kisha kengele ya kurudi nyumbani ikalia, na rafiki yake Bijou alikuwa akimngoja getini na maandazi ya moto yanayoitwa beignet. Zilibaki kebo mbili na sehemu mbili: meza ya tisa, anapokaa mwanafunzi mwenzake Nono, na ofisi ya Préfet, yaani mkuu wa shule, iliyo nyuma ya ukuta. Ili kuzipima ilimbidi atambae kwenye vumbi. Dorine aliangalia sare yake, akaangalia geti, akabahatisha. Vibandiko viwili vya mwisho aliviandika kwa herufi nzuri sana.

Ndani ya mlango wa kabati lile, kila fundi aliyelifanyia kazi ameandika jina lake na tarehe. Mama Syntiche alitazama vibandiko, akatabasamu, akampa Dorine kalamu naye aandike lake. Jioni Dorine alimsimulia mama yake habari hiyo mara tatu.

Wiki moja baadaye Mama Syntiche alirudi kusoma sonde, mbele ya Préfet Rigobert na darasa zima. Majibu yalikuwa wazi kwenye kioo cha kompyuta yake: meza ya tisa ilikuwa inakula karibu mtandao wote.

“Nono, unaangaliaka nini pale?” aliuliza Préfet. “Mafilimu?”

“Hapana, Préfet. Mi nafungulaka masomo tu.”

“Machine inasema ni wewe. Bon. Hautaingia tena mu salle hii ya kompyuta mpaka mwisho wa mwaka.”

Nono hana kompyuta kwao. Anataka kuwa injinia, na mahali pekee anapojifunzia ni meza ile. Alianza kukusanya madaftari yake polepole, bila kumtazama mtu.

Hakuna aliyemwona Dorine akibahatisha, na kunyamaza kulikuwa rahisi. Lakini kibandiko kilikuwa cha mkono wake, na jina lake lilikuwa mlangoni. Aliona aibu, aibu ya kweli, na akasimama nayo.

“Préfet, ni mi njo nilikosa. Étiquette ya Nono na ile ya ofisi yenu, sikuzipima. Nilibahatisha juu nilitaka kwenda.”

Mama Syntiche hakumkaripia. Alitoa kipimio mfukoni, akampa.

“Pima.”

Dorine alichomeka kipande kimoja kabatini, kwenye kebo iliyoandikwa meza ya tisa, akatambaa na cha pili chini ya meza hiyo, Nono akimmulikia taa. Kipimio hakikulia hata kidogo. Wakaenda ofisini. Alipoingia nyuma ya meza ya Préfet, kipimio kililia mpaka darasani wakakisikia. Mama Syntiche akaitazama kompyuta ya Préfet: kumbe kila ilipowashwa saa nne, ilijaribu kutuma picha mia tatu za sherehe ya shule, ikashindwa, ikaanza upya.

Préfet alivua miwani na kuifuta, ingawa ilikuwa safi.

“Nono, mutoto yangu, unisamehe,” alisema. “Muntu mwenye anakula réseau, mtandao yote, ni mi. Rudi pa meza yako.”

Darasa lilicheka, na Préfet naye akacheka. Mama Syntiche akasimamisha picha zile, na masomo yakafunguka palepale.

“Sare yako imeharibika,” Nono alimwambia Dorine.

“Itafuliwa.”

Dorine aliandika vibandiko viwili vipya baada ya kusikia mlio wa kila kebo. Kisha akafungua mlango wa kabati ili afute jina lake. Mama Syntiche akamshika mkono.

“Acha. Andika tena chini yake, na tarehe ya leo.”

“Juu ya nini, Mama?”

“Kazi ya kwanza ulifanya na mwandiko. Ya leo ulifanya na roho yako yote. Kukosa, kila muntu anakosa, hata mi nakosaka. Lakini ukikosa, sema mapema, mwenzako hajalipa kosa yako. Muntu wa vile, mi nataka kutumika kazi naye.”

Dorine akaandika. Vidole vilikuwa na vumbi na herufi zilitoka zimepinda, lakini hajawahi kuandika jina lake kwa fahari kama siku ile. Jioni alimsimulia mama yake mara moja tu, habari yote, pamoja na sehemu ya aibu.