Nguo Zilizorudi Kabatini

Mshonaji mstaafu alikutwa amekufa kitandani saa moja asubuhi. Aliyemkuta ni mwanawe wa pekee, aliyefika na gari la kukodi kumhamishia mjini.

Sajenti alifika, akamfukuza kila mtu chumbani, akafunga mlango. Mdomo wa marehemu ulikuwa umechubuka kwa ndani. Akageuza mto: doa la damu. Mlango wa mbele haukuvunjwa.

"Jana mlizozana kwenye simu," alimwambia mwana. "Mwenye duka alimsikia mama yako akifoka."

"Alitaka tubebe na cherehani, afande. Nikamwambia gari dogo. Sasa mtu amuue mama yake kwa cherehani?"

"Ulilala wapi?"

"Nyumba ya wageni, kule stendi. Chumba kimoja na dereva."

Dereva alikubali, na mhudumu wa nyumba ile akasema hivyo hivyo.

"Ila kuna kitu sielewi," mwana alisema. "Tangu juzi alishafungasha, amebaki na gauni la mwilini. Mbona sanduku ni tupu?"

Sajenti alirudi chumbani peke yake, akafungua kabati. Nguo zote zilikuwa zimekunjwa, zimepangwa. Hakumwambia mtu.

Alitoka nje. Nyumba karibu zote za mtaa ule zilikuwa na kufuli zilizoshika kutu. Vijana walikwenda kutafuta maisha. Wazee wakabaki kuzikana. Moshi ulifuka nyumba moja tu, ya jirani wa marehemu, mjane aliyewahi kufua nguo za hospitali. Wote walimwita Dobi. Sajenti alibisha hodi, akaingia.

"Pole na msiba, mama. Uliingia lini kwake mara ya mwisho?"

"Wiki nzima sijatia mguu. Magoti haya mwanangu, yameniweza."

"Ulijua anahama?"

"Ahame nani? Anayehama ataacha nguo kabatini?"

Sajenti alivuta kigoda, akaketi.

"Juzi zilikuwa sandukuni, mama. Na leo kabati nimelifungua mimi tu. Wewe umezionea wapi?"

Dobi aliegemeza fimbo yake ukutani.

"Nilikwenda jana jioni kumuaga," alisema. "Akasinzia tukiongea. Nikawa namtazama. Watoto wangu wote nimewazika. Mume nimemzika. Kila asubuhi yeye ndiye ananigongea dirisha, 'Shoga, umeamka?' Nikawaza, kesho nikifa, nani atajua? Nikaona heri nimzike hapa kuliko aondoke. Nikachukua mto."

"Na nguo?"

"Nilizirudisha nikiwa nalia. Nilitaka aonekane bado anakaa."

Mwana alikuwa amesimama mlangoni. "Mama mdogo," alisema.

Dobi hakumtazama. Alijitanda khanga, akachukua fimbo yake.

"Huko jela, afande, tunalala wengi chumba kimoja?"

"Wengi, mama."

Akaitikia kwa kichwa, akatangulia kwenye gari la polisi.