Rupia ya Mama Haisuguliwi kwa Majivu

Ukipita Mpuguso asubuhi, tazama vichanja vya vyombo. Kile kitakachokuumiza macho kwa kung'aa ni cha Felista. Sufuria zake zinameta hata chini, pale panapopigwa na moto kila siku. Anazisugua kwa majivu, mchanga laini na ndimu. Majirani wanamtania kwamba siku moja atasugua hata mafiga. Yeye hucheka tu, huku akiendelea kusugua.

Sokoni ni hivyohivyo. Parachichi zake huzifuta moja moja kwa kitambaa. Ndizi zake hazina hata utando wa buibui. Na wateja wanamkimbilia, tusidanganyane. Kauli yake ni moja tu: "Kitu cha kuuza kinaoshwa." Alifundishwa na mama yake, na sokoni kauli hiyo haijawahi kumwangusha.

Lakini usafi hauleti ng'ombe. Banda la Felista na mumewe, Ambindwile, lilikuwa tupu. Ng'ombe wao wa maziwa alikufa kwa ndigana, ugonjwa wa kupe, masika yaliyopita. Maziwa yakaisha. Samadi nayo ikaisha, na mgomba usiopata samadi utakupa majani tu. Mikungu ikaanza kuwa midogo. Binti yao Neema, mwanafunzi wa sekondari, akazoea chai ya rangi. Kila jioni Ambindwile alipita bandani, akaishika ile kamba ya ng'ombe, akairudisha msumarini. Walitaka mtamba mmoja wa kisasa, basi. Bei yake ilikuwa mbali nao.

Jumamosi moja walianza kubomoa nyumba ya zamani ya marehemu mama yake Ambindwile. Ndani ya kasha la mama walikuta kanga kuukuu. Kwenye pindo lake palikuwa na fundo gumu. Neema alilifungua kwa meno. Zikaanguka sarafu tatu, nyeusi kabisa.

Ambindwile akazitambua. Mama yake alikuwa akimwonyesha kila Krismasi. Mama alizirithi kwa babu yake, aliyewabebea Wajerumani mizigo zamani. Ambindwile alikuwa mtoto pekee, na alidhani zilikwisha kupotea. Mbili zilikuwa ndogo, za shaba. Ya tatu ilikuwa kubwa na nzito, ya fedha. Upande mmoja ulikuwa na mzungu mwenye kofia ya chuma. Upande wa pili ulikuwa na simba na mti.

Habari ya kijijini haihitaji redio. Jumapili jioni akatokea Fred na pikipiki yake. Fred huzunguka vijijini akinunua pasi za mkaa, redio mbovu na vitu vyote vya kale. Akazitazama zile sarafu haraka haraka. Akasema atatoa elfu sitini kwa zote tatu, na atarudi kesho saa sita. Akaonya kwamba bei hiyo ni ya kesho tu, maana keshokutwa anakwenda Kyela.

Elfu sitini kwa vyuma vyeusi! Felista alilala akitabasamu. Alfajiri akapata wazo. Kama Fred anatoa elfu sitini kwa sarafu chafu, zikitakata si atatoa laki?

Akaketi uani. Akatandika jani la mgomba, akaweka majivu na ndimu. Akachukua sarafu ya kwanza ya shaba, akaisugua mpaka ikawaka kama pete ya harusi. Akafurahi. Akaiosha, akaiweka juani. Kisha akachukua ile kubwa ya fedha na kuchovya kidole kwenye majivu.

Wakati huohuo akaingia Kuruthumu. Huyu ni rafiki yake wa siku nyingi, fundi wa saa na vito pale Makandana. Kazi ya fedha alijifunza kwa baba yake. Siku hiyo alikuja kuagiza ndizi za shughuli nyumbani kwake. Hata salamu hakumaliza.

"Mama Neema, weka chini," alisema. "Usiisugue. Nakuomba, weka chini."

Felista akabaki na kidole hewani. Akauliza kosa liko wapi. Tangu lini usafi umekuwa kosa?

Kuruthumu akakaa kwenye kigoda. Akaipokea ile sarafu kwa kuishika pembeni, bila kugusa uso wake. Akaigeuza polepole. Neema aliyekuwa akijiandaa kwenda shule akaona macho ya Kuruthumu yakipanuka.

"Sikiliza, shoga yangu," Kuruthumu alisema. "Anayenunua hii hanunui fedha iliyomo ndani. Akitaka fedha atakuja kwangu nimpimie kwa gramu. Huyu ananunua miaka. Huu weusi ni miaka yenyewe. Ukiusugua, unatoa miaka, unaacha mikwaruzo. Na haurudi tena."

Felista akaitazama ile ya shaba iliyokuwa ikimeta juani.  Akauliza kama hiyo imeharibika. Kuruthumu hakumdanganya. Alimwambia ndiyo, hiyo imeshapoteza thamani yake kubwa. Ila akamshika bega na kumwambia ashukuru Mungu, maana iliyobaki mkononi ndiyo mama yao.

Akawaonyesha mwaka ulioandikwa: 1894. Akawaonyesha namba mbili, yaani rupia mbili. Akasema rupia moja moja za Mjerumani ameziona nyingi, lakini ya mbili hii ni mara yake ya kwanza kuishika. Ambindwile alikuwa amesimama mlangoni. Alikaa chini palepale, kwenye kizingiti.

Hapo ndipo Fred akafika, saa sita bado kabisa. Wenye haraka hujulikana. Ambindwile akamkaribisha chai, kisha akamwambia kwa upole kwamba leo hawauzi. Fred akatoa laki moja. Ambindwile akatikisa kichwa. Fred akatoa laki mbili. Felista akashika mdomo. Kikombe hakijafika nusu, Fred akatoa laki tatu na nusu, taslimu, akaziweka mezani.

Nawaambia, noti mezani zina sauti. Ambindwile alizitazama, akatazama banda. Mkono wake ukasogea.

"Baba Neema," Kuruthumu alisema taratibu, "mtu akipandisha bei mara tatu kabla chai haijapoa, ile bei ya kwanza ilikuwa ya nini?"

Mkono ukarudi. Fred akakusanya noti zake na kuondoka. Chai hakuimaliza.

Kazi ikaanza jioni ile, Neema aliporudi shule. Kuruthumu aliwaambia wasiuze kwa mtu mmoja asiye na mshindani. Neema akapiga picha kwa simu, nje, kwenye mwanga mzuri. Alipiga pande zote mbili, akaweka rula pembeni ili ukubwa uonekane. Kesho yake Kuruthumu akaipima kwa mizani yake ya vito. Wakaifunga kwenye kitambaa safi cha pamba, kikavu, peke yake, isigongane na nyingine.

Ambindwile alikwenda ofisi ya utamaduni ya wilaya kuuliza sheria ya kuuza vitu vya kale, asije akaingia matatani. Alieleza kwamba ni urithi wa familia, akaelekezwa taratibu za kufuata. Alirudi akitembea kifua mbele.

Neema naye akatafuta bei mtandaoni. Alikuta mtu mmoja anatangaza sarafu kama ile kwa milioni mia. Nyumba nzima ikapagawa. Ambindwile alishanunua lori kichwani, tena akalichagulia rangi. Kuruthumu alicheka mpaka akajifuta machozi. Akawaambia kwamba bei ya kutangaza si bei ya kuuzwa. Hata yeye anaweza kuitangaza saa yake mbovu kwa bilioni. Watafute sarafu zilizokwisha kuuzwa kwenye minada, waone zililipiwa ngapi. Wakatafuta. Lori likayeyuka, lakini mtamba akaonekana.

Picha zikatumwa kwa wanunuzi wa sarafu waliopatikana mtandaoni, Mbeya, Arusha na Dar es Salaam. Mmoja alitaka sarafu itumwe kwanza kwa basi. Wakakataa. Mwingine alitaka watume elfu themanini ya usajili ndipo awalipe. Huyo Neema alimfungia namba palepale. Anayekununulia hakuombi hela kwanza.

Wakabaki wawili wa kweli. Kila mmoja aliambiwa wazi kwamba yuko mwenzake. Wa Mbeya akasema milioni moja na nusu. Wa Arusha akasema milioni moja na laki nane. Simu ikawa inalia, familia nzima inaizunguka, ugali unapoa. Wa Mbeya akafika milioni mbili na laki mbili. Wa Arusha akaaga. Felista akapiga kigelegele, mpaka majirani wakaja kuuliza nani ameolewa.

Mauzo yalifanyika Tukuyu mjini, ndani ya benki, mchana. Mnunuzi aliikagua kwa lenzi. Pesa ziliingia kwenye akaunti kwanza, ndipo sarafu ikatoka mkononi. Wakaandikiana hati ya mauzo, Kuruthumu akiwa shahidi. Ile ya shaba isiyosuguliwa mnunuzi aliilipia elfu themanini. Iliyosuguliwa aliitazama kidogo tu. Akatoa elfu tano. Felista akairudisha mfukoni mwake.

"Ndaga fijo," Ambindwile alimwambia Kuruthumu kwa Kinyakyusa, akimshika mkono kwa mikono yake miwili. Asante sana. Kuruthumu akajibu kwamba asante hiyo aibebe kwenye mkungu, shughuli yake ni Ijumaa.

Wiki iliyofuata walikwenda Kisiba kwa mfugaji aliyekuwa anauza mtamba. Mfugaji alikuwa amejiandaa. Alimwogesha mtamba wake kwa sabuni. Alimpaka mafuta hata kwato. Mtamba alikuwa anameta kutoka pembe hadi mkia.

Ambindwile alisisimka. Felista alimsogelea. Alimzunguka mnyama mara moja. Alimfungua mdomo akatazama meno. Alipitisha mkono chini ya tumbo, akashika chuchu moja moja. Alitafuta kupe nyuma ya masikio. Akauliza kadi ya chanjo, akauliza mama yake mtamba hutoa lita ngapi. Kila jibu lilikuwa zuri. Mwili wote ulikuwa mzima.

Hapo ndipo akacheka, akatoa mfukoni ile sarafu yake inayong'aa na kuitazama.

"Ndugu yangu," akamwambia mfugaji, "ungemwacha na matope yake. Ningekulipa bei hiihii."