Nilimtaja Mwanangu, Wakamletea Pingu

Nina miaka arobaini na moja, ni mjane, na nina mtoto mmoja tu. Kwetu ni Bungoma, Kenya, lakini huu ni mwaka wa sita nikiwa mlinzi kwenye lango la shule moja hapa Dubai. Kazi yangu ni kukagua mikoba na kusalimia watoto wa watu. Wangu, Collins, nilimwacha kwa dada yangu Rispa akiwa na miaka kumi. Haya ninayoandika nimeyabeba peke yangu hadi yakanizidi... Nisomeni kwanza, kisha mnihukumu.

Collins alipofika kidato cha pili tulimpeleka shule ya bweni. Huko wavulana wakubwa walimfanya mtumwa wao. Aliwafulia soksi. Alilala sakafuni huku kitanda chake kikilaliwa na mwingine. Wakampa na jina: Yatima wa Dubai! Eti mama yupo, lakini hayupo.

Aliniambia yote. Sitawadanganya... aliniambia! Alikuwa na simu aliyoificha ndani ya godoro, na karibu kila wiki alinitumia ujumbe wa sauti. Niliusikiliza ndani ya basi la wafanyakazi tukirudi International City, mtaa tunakolala, nikiwa hoi kwa uchovu. Jibu langu lilikuwa lile lile: "Vumilia, mwanangu. Mwombe Mungu. Hata mimi huku navumilia."

Mwaka mzima nilimjibu hivyo!

Alipoingia kidato cha tatu, sauti yake ikabadilika. Siku moja akasema, "Mama, hawa watu siku moja watalala na hawataamka." Nikamkemea aache maneno mabaya. Baadaye akatuma ujumbe mwingine, ametulia kabisa: "Usijali tena, Mama. Nimeacha kulia. Wiki hii yataisha."

Nikamshukuru Mungu! Nilidhani mtoto amekomaa.

Kesho yake shuleni kwetu kukawa na mafunzo. Polisi na wanasaikolojia walikaa pamoja ukumbini kujifunza kuhusu vijana wanaoingia shuleni na bunduki na kuua wenzao, mambo yanayotokea nchi za mbali. Mkufunzi alikuwa mama wa makamo ambaye kwa miaka mingi alikuwa akizungumza na vijana kama hao gerezani. Mimi nilipangwa kusimama mlangoni.

Nilisikiliza kama mtu asiyehusika. Bunduki na mimi, wapi na wapi? Lakini yule mama akasema, "Msianze kwa kutafuta silaha. Tafuteni uchungu. Karibu kila mmoja wao alimwambia mtu kabla." Akasema wapo wanaogawa vitu wanavyovipenda. Nikakumbuka Rispa alivyonieleza kwamba Collins amempa binamu yake viatu vyake vya kuchezea mpira... Kisha akasema, "Na yule aliyekuwa akilia, akatulia ghafla bila sababu, msimwache peke yake."

Nikaukumbuka ujumbe wa jana yake: "Nimeacha kulia."

Hapo ndipo likaja zoezi. Walitaka mtu wa kuigiza mama wa kijana, na aliyepangwa hakufika. Mkufunzi akaangaza macho, akanielekeza kidole. "Madam, njoo wewe. Jibu lolote linalokujia."

Ningekataaje mbele ya wakubwa wangu? Nikakaa kwenye kiti katikati ya ukumbi. Mwanasaikolojia akakaa kando yangu. Askari akavua kofia, akavuta kiti chake karibu, akauliza kwa upole, "Mama, mara ya mwisho kijana wako alikuambia nini?"

Mdomo ukafunguka wenyewe. "Alisema ameacha kulia. Alisema wiki hii yataisha."

"Na wewe ukamjibu nini?" akauliza mwanasaikolojia.

"Nilimwambia avumilie..."

Machozi yakanibubujika. Ukumbi mzima ukanipigia makofi! "Mashallah, dada," askari akasema, "umeigiza vizuri sana!"

Nikarudi mlangoni kwangu. Simu ilikuwa kabatini, maana mlinzi haruhusiwi kuwa nayo zamuni. Nilisimama pale zaidi ya saa nzima nikifungulia watu mlango, nikitabasamu.

Zamu ilipokwisha nilimpigia Collins. Simu imezimwa. Nikamweleza Mwanaidi, dada wa Likoni anayefanya usafi hapo shuleni na tunayekaa naye chumba kimoja. Nilitaka kumfuata yule mkufunzi, Mwanaidi akanishika mkono.

"Wewe una wazimu? Ukimtaja mtoto wako kwa askari, umemuuza! Na hapa wakisikia una mtoto wa namna hiyo, kazi khalas, imekwisha, na visa khalas!"

Nilibanwa pande zote. Nikisema, namtoa mwanangu. Nikinyamaza, huenda wana wa wenzangu wakateketea. Kusafiri je? Pasipoti ilikuwa ofisini kwa kampuni, na likizo yangu haikuwa imefika. Mama gani huyu, asiyeweza hata kupanda ndege kumkimbilia mwanawe?

Nikampigia naibu wa mwalimu mkuu wa shule ya Collins, nikamweleza aliyoyasema mtoto. Nilimsihi, "Mwalimu, mwiteni pembeni tu. Mtafutieni mshauri wa kuzungumza naye. Ni mtoto anayeumia."

Akanijibu, "Mama, hapa hatuna mshauri. Tuna polisi."

Polisi walikuta chupa tatu za petroli ndani ya sanduku lake. Katika bweni lile walilala wavulana themanini...

Walimkokota kutoka darasani, wakampiga mbele ya wenzake, wakamfunga pingu. Hakuna aliyeketi naye. Hakuna aliyemuuliza habari za soksi wala za sakafu. Jioni hiyo picha yake ikaanza kuzunguka kwenye simu za watu, shati limechanika, mdomo umevimba, chini yake pameandikwa "Gaidi". Niliiona nikiwa Dubai!

Niliomba ruhusa niende. Nikaambiwa mkataba wangu bado una miezi minane na pasipoti haitoki. Kesho yake nikarudi langoni. "Good morning, good morning," kwa watoto wa watu.

Collins alikaa mahabusu ya watoto miezi minne. Sasa yuko kwa Rispa kwa amri ya mahakama, na kila wiki anaonana na mshauri. Rispa anasema ameanza kula vizuri. Nami amekubali kuongea mara moja tu. Alisema, "Nilikulilia mwaka mzima ukaniambia nivumilie. Siku uliponisikia, uliwaambia wao." Akakata.

Je, najuta kupiga ile simu? Hapana. Wale wavulana themanini wana mama zao. Ninachojutia ni ule mwaka wote kabla yake. Usaliti wangu uko pale.

Polisi na walimu wa nyumbani, nawaomba... Yule askari aliyevua kofia hakuwa malaika. Alifundishwa! Nanyi mnaweza kufundishwa, kabla simu ya mama mwingine haijawafikia.

Na wewe mzazi mwenzangu uliye mbali, mtoto akikuambia anaumia, usimtupie neno "vumilia" ukalala. Muulize ni nani, ni wapi, tangu lini. Kisha mtafute mwalimu, mtafute ndugu, msumbue kila mtu siku hiyo hiyo, mwanao angali analia na angali anakuambia wewe.